Gesi, spiriti au makaa ya mawe: kichwa kidogo cha mvuke kipi kitakufaa Moshi au Arusha

Ukiliandikia duka la Ulaya kwamba unataka kichwa kidogo cha treni cha mvuke, kile cha kweli chenye boila inayochemsha maji na pistoni zinazosukumwa na mvuke wake, utaulizwa upana wa reli zako na rangi unayoipenda. Kwa sisi wa Moshi na Arusha hayo yanaweza kusubiri. Anza kwa kuamua utachoma nini. Mashine itakuja kwa meli au kwa ndege, lakini kopo la gesi haliruhusiwi kwenye begi la abiria, na spiriti nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kichwa kinatoka nje, na moto wake lazima upatikane hapa hapa mjini, mwezi huu na mwaka kesho.

Naandika kwa ajili ya anayeanza, mwenye nafasi ya reli uani au kwenye meza ndefu, anayetazama vichwa vya reli yenye upana wa milimita 32 au 45. Hiyo ya 45 ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayependa treni za kwetu. Reli yetu yenye upana wa mita moja, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ukiigawa kwa 22 hivi unapata milimita 45. Lakini uwe na matumaini ya kadiri: vichwa vingi vinavyouzwa ni vya Uingereza, Ujerumani au Marekani. Kile kidogo cha gesi, kipya, kutoka kwa watengenezaji kama Roundhouse wa Doncaster, bei yake inaweza kufikia au kupita ya bodaboda mpya kabla hujaongeza usafiri na VAT ya asilimia 18. Vikubwa vya spiriti vinapanda mara kadhaa juu ya hapo.

Gesi

Ndani ya kibanda cha dereva mna tangi dogo la shaba linalojazwa butane, gesi ile ile ya viberiti, ikiwa kimiminika. Gesi inatoka juu ya tangi, inapita kwenye koki, inaingia kwenye nozeli yenye tundu dogo sana, inavuta hewa kupitia matundu ya pembeni, kisha inaungua ndani ya bomba linalopita katikati ya boila. Kuwasha ni hivi: unaweka kiberiti kwenye mdomo wa dohani, unafungua koki kidogo kidogo, moto unashika juu, halafu unasikia “pu!” umerudi ndani na kukaa kwenye kichomeo chake. Baada ya dakika tano hadi kumi geji ya presha inapanda. Vichwa vingi vya aina hii vimewekewa vali ya usalama inayofunguka presha ikifika psi 40 hadi 60, na ujazo mmoja unakupa mwendo wa dakika ishirini hadi arobaini kutegemea ukubwa wa tangi.

Uzuri mkubwa wa gesi ni kwamba ukishawasha huna kazi na moto tena. Unashika koki ya mvuke, au rimoti kama kichwa kina rimoti, unatazama treni. Mtu mwenye watoto wanaomzunguka, au anayependa kuongea na wageni huku treni inazunguka, asihangaike kutafuta kingine.

Ubaya wake ni kwamba gesi inafuata hali ya hewa, na hapa ndipo Moshi na Arusha zinapoachana. Butane safi huchemka karibu na nyuzi sifuri. Asubuhi ya Julai Arusha, nyuzi 10 hivi, presha ndani ya tangi inakuwa kama bar 1.5. Mchana wa Februari Moshi, nyuzi 30, inakuwa kama bar 2.8. Toa presha ya hewa ya nje, inabaki kama bar 0.6 Arusha na 1.9 Moshi. Yaani nozeli ile ile, koki ile ile, msukumo unazidi mara tatu. Isitoshe, gesi inapogeuka kuwa mvuke inapoza tangi lake yenyewe, kwa hiyo asubuhi ya baridi moto unaweza kuanza vizuri kisha ukanywea kabla boila haijapata nguvu ya kulipasha joto tangi. Dawa yake ni maji ya vuguvugu kuzunguka tangi. Baadhi ya vichwa vina kisanduku maalumu cha kazi hiyo. Kama chako hakina, kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu kinatosha. Maji ya moto yanayochemka hapana, na moto wa aina yoyote hapana kabisa.

Sasa, ununue gesi ipi? Mazungumzo dukani huwa mafupi:

“Dada, mna gesi ya kopo?”

“Ya kujazia viberiti au ya lile jiko la safari?”

“Nionyeshe zote, nisome.”

Na kweli usome. Kopo la kujazia viberiti linaingia moja kwa moja kwenye vali ya tangi, halihitaji kiungo (kipande cha kuunganisha kopo na tangi), ila ni dogo na kwa gramu ni ghali. Kopo refu la majiko ya mezani mara nyingi ni butane tupu, na ndilo ninaloliona linafaa zaidi kwa Moshi. Yapo pia makopo mafupi yenye uzi juu, ya wapanda mlima, ambayo miji yetu miwili imebahatika kuwa nayo kwa sababu wanaokwenda Kilimanjaro na Meru hawawezi kuja nayo kwa ndege. Hayo mara nyingi ni mchanganyiko wenye propane ndani, gesi yenye presha kubwa kuliko butane. Arusha wakati wa baridi mchanganyiko huo unasaidia. Moshi saa nane mchana utakutesa: moto unanguruma, vali ya usalama haifungi, na gesi inaisha ukiwa bado unakunywa chai. Kopo refu na kopo la uzi yote yanahitaji kiungo cha kujazia. Kiagize pamoja na kichwa, usije ukakitafuta baadaye.

Mtungi wa jikoni usiuguse. Gesi yake ni mchanganyiko wa propane na butane, na propane peke yake kwa nyuzi 30 inakaribia bar 10. Tangi la kichwa chako limejengwa na kupimwa kwa butane, au kwa mchanganyiko ambao mtengenezaji ameutaja. Fundi atakayekuambia “nitakutengenezea kiungo, inaingia tu” anaweza kweli kukitengeneza, na ndiyo hatari yenyewe.

Kujaza kuna utaratibu. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa, sigara na kichwa kingine kilichowashwa. Butane ina uzito karibu mara mbili ya hewa, kwa hiyo inashuka, inatambaa, inajikusanya chini ya meza. Geuza kopo kichwa chini, libane wima kwenye vali, sikiliza kimiminika kikiingia. Vali ikianza kutema ukungu mweupe, acha. Ukilazimisha tangi lijae hadi juu, hakuna nafasi ya mvuke, kimiminika kinakwenda moja kwa moja kwenye nozeli na dohani inatoa ndimi za njano za kutisha wageni. Subiri dakika moja au mbili gesi iliyomwagika itawanyike, ndipo uwashe.

Kuna jambo la mwinuko ambalo kijitabu cha Ulaya hakitakuambia. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Moshi, chini ya mita 900, tofauti si kubwa hivyo. Kichomeo kilichopangwa kwa usawa wa bahari kikifika Arusha kinapata gesi nyingi kuliko hewa: moto una njano, harufu inachoma macho ukisogea karibu na dohani, na maji yanachelewa kupata presha ingawa koki iko wazi. Punguza koki kwanza. Kama haitoshi, fungua zaidi matundu ya hewa ikiwa kichomeo chako kina pete ya kuyarekebisha. Ikishindikana, weka nozeli ndogo kwa namba moja. Ndiyo maana naona anayeishi Arusha aagize nozeli ya pili tangu siku ya kwanza; ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama na hakiongezi usafiri.

Matunzo ya gesi ni machache na yote yanazunguka nozeli na oringi, zile pete za mpira zinazoziba viungo. Gesi nyingi ina mabaki ya mafuta. Yanajikusanya kwenye lile tundu mpaka moto unakuwa dhaifu, unaegemea upande mmoja au unazimika ukipunguza koki. Fungua nozeli, iloweke kwenye thina, kisha ipulize kwa kopo la gesi kutoka upande wa mbele kwenda nyuma, ili uchafu urudi ulikotoka. Usiichokonoe kwa sindano hata kama sindano inaingia. Tundu likipanuka kidogo tu, nozeli imeharibika. Kwenye viungo paka povu la sabuni kila baada ya muda, na kila mara baada ya kufungua kitu chochote. Panapotoa mapovu, oringi imechoka.

Spiriti

Spiriti ni ya tambi, kama jiko la mafuta ya taa, ila tambi zimepangwa ndani ya kisanduku cha moto au chini ya boila, na mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tangi la nyuma. Watengenezaji maarufu wa vichwa vikubwa vya kifahari, kama Aster wa Japani, walijenga vingi vya namna hii.

Nitasema wazi kwamba kwa masikio spiriti inashinda. Kichomeo cha gesi kina mlio wake, mfululizo kama jiko la chipsi, na unafunika ule mpumuo wa mvuke dohani ambao ndio tulioufuata. Spiriti inaungua kimya. Halafu kwenye boila zenye moto wa ndani, yaani unaowaka ndani ya boila na si chini yake tu, mvuke unaotoka silinda unavuta hewa kupitia kwenye moto. Treni ikipanda au ikiwa na mabehewa mengi, moto unakolea wenyewe, kama ilivyo kwenye kichwa kikubwa. Gesi haina habari na mabehewa yako.

Baridi ya Arusha haiisumbui sana, na kupima ni rahisi: sirinji ya famasi inakwambia umetia mililita ngapi, na ukishajua kichwa chako kinakula kiasi gani, unajua kitasimama lini. Lakini gramu ya butane ina joto karibu mara mbili ya gramu ya spiriti, kwa hiyo tarajia kujaza mara nyingi.

Kupatikana kwake ni kuzuri, maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi wanayo kwa sababu mafundi samani wanaitumia. Ile ya famasi ya kusafishia ngozi iangalie lebo: ikiwa asilimia 70, theluthi yake hivi ni maji, na tambi zitakupa moto mvivu. Na usiihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa saa moja. Ni sumu, na nyumba zetu zina watu wanaofungua friji bila kuuliza.

Tatizo kubwa ni kwamba moto wake hauonekani juani. Mchana wa Moshi, chini ya anga jeupe, spiriti iliyomwagika kwenye mbao za reli inaweza kuwa inaungua na usione kitu mpaka mkono uufikie. Treni ikiacha reli kwenye kona, tangi linaendelea kumimina. Kwa hiyo spiriti inataka kivuli, reli iliyonyooka sawasawa bila mlima wa ghafla, na ndoo ya maji karibu. Faraja ni kwamba spiriti huchanganyika na maji, basi ndoo inaizima kweli, tofauti na petroli. Gesi ikipinduka nayo haiko salama, maana kimiminika kinaweza kukimbilia nozeli, ila unafunga koki moja na mambo yamekwisha.

Kuwasha spiriti kwenye boila ya moto wa ndani kunahitaji feni ndogo ya betri juu ya dohani mpaka mvuke wa kutosha upatikane wa kuvuta hewa. Bila feni moto unatoka pembeni na kuchoma rangi. Tambi zenyewe hazidumu kama zinaachwa ziungue zikiwa kavu. Zima kabla tangi halijakauka, na ukizibadilisha zikate zote urefu mmoja. Ukinunua kichwa cha zamani, tambi zake zinaweza kuwa za asbesto. Usizichambue kwa vidole wala kuzipuliza.

Makaa ya mawe

Kwa anayeanza, hapana. Kisanduku cha moto ni kidogo kiasi kwamba unalisha kila baada ya dakika chache, kokoto kwa kokoto, huku unaangalia maji, geji na njia. Ni furaha kubwa kwa anayeijua kazi. Wenzetu wa Uingereza kwa miaka mingi walitumia makaa ya Wales yasiyo na moshi mwingi. Nchini makaa yapo, Ngaka kule Mbinga na Kiwira, lakini yanachimbwa kwa ajili ya viwanda, na kupata mfuko mdogo uliopondwa kwa ukubwa wa maharage ni safari ya kuomba. Mkaa wa kawaida wa kupikia unafaa kuwashia, ukiloweshwa mafuta ya taa, ila kuendeshea haukai. Ongeza kazi ya kufagia masizi kwenye mabomba kila baada ya mwendo. Subiri mpaka umpate mtu wa kukaa naye.

Maji na oili, chochote utakachochoma

Hapa uchaguzi wa moto haubadilishi kitu, ila mji unabadilisha. Maji ya upande wa Mlima Meru yana floraidi na chumvi nyingi za magadi. Ya chemchemi za Kilimanjaro ni mepesi zaidi. Floraidi ni habari ya meno, boila haijali. Chumvi ndizo zinazoleta povu, na povu linabebwa na mvuke hadi kwenye silinda likiwa na uchafu wake. Njia rahisi ni maji ya mvua. Wakati wa masika acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye madumu. Madumu machache yanakufikisha vuli. Ukikosa, nunua maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, lakini duka la vipuri likisikia “maji ya betri” linaweza kukupa asidi. Taja wazi kwamba unataka yasiyo na asidi, na usome chupa mwenyewe.

Usiache boila ikauke kwenye moto. Vichwa vya gesi vilivyopangwa vizuri gesi yake huisha kabla ya maji, ndiyo maana unaanza kila mwendo na vyote viwili vimejaa. Ukiongeza gesi katikati bila kuongeza maji umeivunja hesabu hiyo. Kwenye spiriti hesabu ni yako mwenyewe na sirinji yako.

Oili ya silinda ni oili ya mvuke, nzito, ya daraja la 460 kwa kawaida. Oili ya injini ya gari haifai, ina sabuni ndani na inakuwa uji ikikutana na maji. Kikombe kinachoipeleka oili hiyo kwenye silinda kinafanya kazi kwa ujanja mdogo: mvuke unaingia, unageuka maji, maji yanazama chini, oili inapanda na kuingia kwenye bomba la silinda. Kwa hiyo baada ya mwendo utakikuta kimejaa maji. Yavute kwa sirinji kikiwa bado na joto, halafu jaza oili upya. Ukiona dohani inakurushia matone ya rangi ya kahawa mwanzoni mwa mwendo, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Kabla hujatuma hela

Kwa kifupi cha kazi: Moshi, gesi ya butane bila kufikiri mara mbili. Arusha, gesi pia, ukiwa na nozeli ya ziada na subira ya asubuhi za Juni na Julai. Lakini kama una kivuli, reli tambarare na hakuna watoto wadogo, na unachotaka ni sauti, spiriti itakupa raha ambayo gesi haitakupa.

Kikiwa kipya, andika kwenye oda: kiungo cha kujazia gesi, nozeli mbili, oringi za akiba, chupa ya oili ya mvuke, na sentensi moja kwamba tangi lisafirishwe tupu. Kikiwa kimetumika, omba picha ya kichomeo kikiwaka gizani. Moto wa bluu uliokaa sawa kwa urefu wote wa bomba ni dalili nzuri, njano upande mmoja ni nozeli chafu au kichomeo kilichopinda. Omba picha ya ndani ya dohani pia. Mabaki meupe kuzunguka viungo vya boila yanaonyesha mahali maji yalipokuwa yakivuja na kukauka.

Boila mpya kwa kawaida hupimwa kwa maji, bila moto, hadi mara mbili ya presha ya kazi, na vilabu vya Uingereza hutoa cheti. Uliza kama kipo. Kikiwepo, soma presha ya kazi iliyoandikwa na uilinganishe na alama nyekundu kwenye geji na pale vali ya usalama inapofunguka. Zikitofautiana, muulize muuzaji sababu kabla hujaenda benki.